Nta Katika Bomba la Nne

Kabla ya kwenda Turkana, Kingori alikuwa mtu wa boila. Alizaliwa Endarasha, upande wa Kieni unaotazama milima ya Aberdare, mahali ambapo watu huvaa sweta mpaka saa tano asubuhi. Kazi yake ya kwanza aliipata mbali kidogo na kwao, katika kiwanda cha chai karibu na Kianyaga. Huko, kwa miaka tisa, aliilisha boila kuni na kuilinda kama mtu anavyolinda ng'ombe anayekaribia kuzaa. Angeweza kuwa ameketi kantini na kikombe chake mkononi, akasikia valvu inavuja ng'ambo ya ua, akainuka kabla hajaitwa. Hakusoma sana. Alichojua kuhusu mvuke alikijua kwa masikio na kwa viganja vya mikono.

Kiwanda kilipoleta boila mpya inayojiendesha kwa kompyuta, watu wanne waliachishwa kazi, yeye akiwa mmoja wao. Miezi mitatu baadaye akasikia kwamba kwenye visima vya mafuta huko Turkana kusini wanatafuta mafundi wa mvuke.

"Mvuke wa nini huko?" akamwuliza mkewe, Ngendo. "Huko si ni jua tupu?"

"Wewe enda," Ngendo akamjibu. "Kama ni mvuke wanataka, wapelekee."

Akaenda mwanzoni mwa mwaka wa 2019, akaajiriwa na kampuni ndogo iliyokuwa na mkataba wa kutunza mabomba. Aliyemwonyesha kwa nini mvuke ulihitajika ni fundi mwenzake aliyeitwa Khisa, mtu wa Bungoma, mrefu, mwenye sauti ya chini. Mke wa Khisa alikuwa mwalimu mjini Nyeri na walikuwa wamepanga nyumba mtaa wa Ruring'u, kwa hiyo aliposikia Kingori anatoka wapi, alianza kumwita jirani na hakumwita jina lingine tena. Asubuhi ya kwanza alimpeleka nyuma ya stoo, kwenye ndoo ya mafuta yaliyokuwa yamelala nje. Akachukua kijiti akakidunga katikati ya ndoo. Kijiti kikasimama wima.

"Haya ndiyo mafuta yetu, jirani," akasema. "Kule chini ardhini kuna moto, yanatembea kama uji. Yakipanda juu yakapoa kidogo tu, nta iliyo ndani inaanza kushikana, halafu yanakaa. Hata na hili jua. Usipoyapasha, hayaendi popote."

Kingori aligusa kwa kidole. Yalikuwa meusi, mazito, laini kama rangi ya viatu iliyoachwa wazi.

Kwa hiyo kazi yote pale, kutoka kisimani hadi kwenye lori, ilikuwa kuyazuia mafuta yasigande. Matangi yalipashwa kwa mabomba membamba ya mvuke yaliyozunguka ndani yake. Mabomba ya nje yalivikwa sufi na mabati. Malori nayo yalivikwa, yakajazwa mafuta ya moto, yakaondoka haraka kuelekea Mombasa. Kulikuwa pia na dawa, iliyoletwa katika mapipa ya buluu, ambayo injinia aliidondosha kisimani tone kwa tone ili chembe za nta zisishikane. Mapipa yakichelewa, wakati mwingine walichanganya mafuta mepesi na yale mazito ili yapate kuteleza. Na vyote hivyo vikishindwa, bomba likaziba, ndipo Kingori na mpira wake wa mvuke waliitwa.

Kulikuwa na namna moja tu ya kuzibua, na ni Khisa aliyemfundisha, tena zaidi ya mara moja, akichora kwa kijiti mchangani.

"Kwanza unatoa presha pande zote mbili. Halafu unaanzia mdomoni, pale palipo wazi, unarudi nyuma polepole. Nta ikiyeyuka inapata njia ya kutoka. Ukianzia katikati, inayeyuka ikiwa imefungiwa huku na huku. Inatanuka na haina pa kwenda. Hapo umetengeneza bunduki, na hujui imeelekezewa nani."

Kingori alimsikiliza. Alimpenda Khisa, lakini kuna kitu kilichomchoma pia. Yeye alikuwa ameshika mvuke miaka tisa, na sasa alifundishwa mvuke na mtu wa mabomba, mbele ya watu.

Siku yenyewe ilikuwa ya Julai. Jenereta lilikuwa limezimika alfajiri na hakuna aliyegundua mapema, na kufikia saa mbili asubuhi bomba la nne lilikuwa limepoa na kuziba kabisa. Malori tisa yalisubiri, madereva wamekaa vivulini. Nyapara wao, Peterson, alikuwa akitembea huku na huku na simu sikioni. Tatizo lilikuwa kwamba mpira wa mvuke haukufika kwenye mdomo wa bomba. Ilibidi boila ndogo ya magurudumu iliyotoa mvuke huo ivutwe kwa trekta hadi upande wa pili, na trekta lilikuwa limekwenda kuchota maji. Yaani masaa mawili, labda matatu.

"Mpira unafika wapi?" Peterson akauliza.

"Unafika hapa katikati," Kingori akasema.

"Basi anzia hapo. Ati masaa matatu? Madereva wakae hapo wakiangalia tu?"

Kingori alijua. Baadaye hakuweza kamwe kujidanganya kwamba hakujua. Lakini Peterson alisimama palepale akimtazama, na maneno ya kukataa, ambayo yalikuwa mafupi tu, hayakutoka. Akafungua mvuke.

Khisa hakuwepo wakati huo. Alikuwa amesogea kwenye kilima kidogo nyuma ya kambi ambako simu zilishika mtandao. Aliporudi, kama dakika ishirini baadaye, alikuta mvuke umekwisha kuanza kazi. Akavaa kofia yake ngumu akaja moja kwa moja.

"Umeanzia wapi, jirani?"

Nyapara bado alikuwa pale. Kingori aliona kwamba akisema ukweli, Khisa ataufunga mvuke, atamfundisha tena mbele ya Peterson na mbele ya madereva, na pengine atachora tena mchangani.

"Mdomoni," akasema.

Khisa akaitikia kwa kichwa. Alikuwa ameondoka kwa muda, akachukulia kwamba trekta lilikuwa limeipitisha boila mdomoni kwanza, na hakuwa na sababu ya kutomwamini. Akatembea hadi kwenye kiungo cha bomba, akainama, akaweka kiganja chake juu ya chuma ili asikie kama mafuta yameanza kutembea. Ndipo kiungo kikaachia.

Haukuwa mlio mkubwa. Kingori alikumbuka kwamba ulikuwa kama wa gunia kupasuka. Mafuta ya moto yalimpiga Khisa kifuani na usoni na yakamshika, kwa sababu mafuta yale hayamwagiki yakaisha kama maji. Yanashika na kukaa. Kingori ndiye aliyekimbia, akamvuta, akamkata shati kwa kisu. Ndiye aliyekaa naye nyuma ya pikapu hadi Lodwar, amemshikilia chupa ya maji. Siku ya tano, hospitalini, Khisa akafariki.

Wiki iliyofuata Peterson alileta karatasi ya taarifa ya ajali, iliyoandikwa kwa Kiingereza. Kingori aliisoma polepole. Ilisema kwamba marehemu alikuwa ametoka kuongea kwa simu, akili yake haikuwa kazini, akasogelea bomba bila kuwaarifu wenzake. Kuhusu mahali mvuke ulipoanzia, hakukuwa na neno.

"Tia sahihi," Peterson akamwambia. "Wewe ndiye ulikuwa na mpira. Unataka waandike kitu kingine?"

Akatia sahihi. Hakwenda mazishini Bungoma. Alisema ana malaria.

Mwaka uliofuata shughuli za mafuta zilisimama na watu wakarudishwa makwao. Kampuni ile ndogo ikafunga ofisi yake na Kingori hakusikia tena habari za Peterson. Kwa muda alilima viazi, kisha akapata kazi Timau, kwenye shamba la maua, kuangalia boila inayotia joto kwenye nyumba za plastiki. Boila ile ilitumia mafuta mazito ya tanuri, na asubuhi za baridi, theluji ikionekana nyeupe juu ya Mlima Kirinyaga, mafuta hayo nayo yalikataa kupanda kwenye pampu mpaka yapashwe. Wenzake walishangaa jinsi alivyoyapasha polepole. Msimamizi akimharakisha, Kingori aliweka chini kila alichoshika na kusubiri mpaka mtu huyo aondoke. Walidhani ni kiburi.

Kila Jumamosi alirudi Endarasha. Kanisani Ngendo alikuwa amewasimulia akina mama jinsi mumewe alivyombeba mwenzake aliyeungua, na wazee walimshika mkono kwa heshima. Alianza kukosa ibada.

Mwaka wa 2024 binti yao, Sophie, alikuwa darasa la saba. Muhula wa pili ukiendelea, wazazi waliitwa shuleni kuonana na walimu mmoja mmoja. Ngendo alikuwa na homa, kwa hiyo Kingori aliomba ruhusa kazini, akavaa koti lake akaenda. Mwalimu mpya wa Kiswahili alikuwa ameketi kwenye dawati karibu na dirisha, mwanamke wa miaka arobaini hivi, shali begani. Kingori alimtambua kabla hajaketi. Alikuwa amemwona mara nyingi kwenye simu ya Khisa, akiwa na mtoto wa kiume mapajani.

"Karibu, Baba Sophie. Mimi ni Mwalimu Gaudencia. Nilihamishiwa hapa kutoka mjini mwezi wa tano."

Akamsifu Sophie. Akasema anaandika vizuri ila ana haraka. Kisha akafungua daftari la insha na kuliweka mbele yake, na Kingori akaona kichwa cha habari, Kazi ya Mzazi Wangu.

"Ameandika kwamba ulikuwa Turkana, ukiyeyusha mafuta kwa mvuke," mwalimu akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika kidogo. "Bwana yangu alikuwa huko. Aliitwa Khisa. Sijui kama mlijuana."

"Nilimjua," Kingori akasema.

"Ulikuwepo siku hiyo?"

"Nilikuwepo."

Mwalimu alifunga daftari. Aliangalia mlangoni, wazazi wengine walikuwa mbali, wakinywa chai. Kisha akasema mambo ambayo, ilionekana, alikuwa ameyaweka muda mrefu bila mtu wa kumwambia.

"Wacha nikuulize, Baba Sophie, na unijibu tu vile ulivyoona. Alivyorudi kutoka kwa simu, alikuwa amekasirika? Kwa sababu simu hiyo ni mimi nilipiga. Kijana wetu, Griffins, alikuwa anabatizwa Jumapili hiyo, na Khisa alikuwa ameahidi kuja na hakupata ruhusa. Nikamwambia maneno. Nikamwambia, basi kaa huko na mafuta yako. Nikakata. Halafu karatasi ya kampuni ikasema akili yake haikuwa kazini." Akavuta shali begani. "Mama yake alisomewa hiyo karatasi siku ya mazishi. Akaniuliza mbele ya watu nilikuwa nimemwambia mtoto wake nini. Tangu siku hiyo hajaniita kwa jina. Na mimi siwezi kumlaumu."

Kingori alifungua mdomo. Nje mtu aligonga kengele, na mzazi mwingine akaingia na mtoto wake akasimama nyuma yao, akisubiri zamu.

"Hakuwa amekasirika, Mwalimu," akasema, kisha akainuka na kuondoka, na hakuaga vizuri.

Wiki ile Timau ilikuwa ndefu. Miaka mitano alikuwa amedhani kwamba uongo wake ulikuwa umemaliza kazi siku ile Khisa alipokufa. Alijua alichomfanyia Khisa, na mzigo huo alikuwa ameuzoea kama mtu anavyozoea jino bovu. Hakuwahi kufikiri kwamba sahihi yake ilisafiri mpaka Bungoma, ikasomwa mazishini, ikamfikia mwanamke asiyemjua na kumwambia kwamba yeye ndiye aliyeua. Siku ya Alhamisi alisimama mbele ya boila na hakuweza kukumbuka kama alikuwa amefungua maji. Aliizima. Ijumaa aliomba ruhusa tena, akafika shuleni saa sita, watoto wakiwa kwenye chakula.

Alimkuta mwalimu peke yake darasani akisahihisha vitabu.

"Sikukuambia yote," akasema, amesimama. "Siku ile bomba lilikuwa limeziba. Linatakiwa kupashwa kuanzia mdomoni. Mimi nilianzia katikati, na nilijua ni vibaya. Bwana yako alikuja akaniuliza. Alikuwa sawa kabisa, akili yake ilikuwa kazini kuliko yangu."

"Alikuuliza nini?"

"Umeanzia wapi."

"Na ukamjibu?"

"Mdomoni."

Gaudencia aliweka kalamu chini. Kelele za watoto zilisikika kutoka uwanjani.

"Kwa nini?"

"Nyapara alikuwa ananiangalia. Sikutaka aone nafundishwa kazi."

"Ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu, Mwalimu."

Hakumtukana, na Kingori, ambaye barabarani alikuwa amejitayarisha kwa matusi, hakujua aiweke wapi mikono yake. Mwalimu alichana karatasi mbili katikati ya daftari, akamsukumia na kalamu.

"Andika. Kwa Kiswahili, mtu asiniambie hakuelewa. Weka jina lako na namba ya kitambulisho."

Akaandika, ameketi kwenye kiti cha mtoto, magoti yakigusa meza. Ilimchukua karibu saa nzima. Mwalimu alisoma mara mbili. Kisha akatoa simu yake, akabonyeza, akaiweka mezani kati yao, sauti ikiwa wazi. Mwanamke mzee, mama yake Khisa, akaitikia.

"Mama," Gaudencia akasema, "niko na mtu hapa alikuwa na Khisa. Nataka umsikie yeye mwenyewe."

Kingori aliyasema tena yote, akiielekea ile simu. Mzee hakumkatiza. Alipomaliza, kwa mbali kuku walisikika.

"Wewe ndiye ulimpeleka hospitali?" mzee akauliza hatimaye.

"Ndiyo, mama."

"Njiani aliumia sana?"

Miaka yote hiyo, watu walipouliza, Kingori alikuwa akijibu kwamba Khisa alizimia mapema na hakusikia kitu.

"Ndiyo, mama. Aliumia sana. Mpaka Lodwar alikuwa macho."

Mzee alivuta pumzi. Akasema kitu kwa Kibukusu, na Gaudencia akaichukua simu kutoka mezani, akaizima ile sauti ya wazi, akaenda nayo dirishani akiwa amewapa mgongo meza na mtu aliyeketi pale. Kingori alisikia tu kwamba alikuwa analia na kujibu, kujibu na kulia. Alingoja kidogo. Alipoona hakuna anayemhitaji tena, akatoka.

Jioni ile alimwambia Ngendo, jikoni, watoto wakiwa bado wanakamua. Ngendo aliendelea kumenya viazi mpaka akamaliza vyote vilivyokuwa kwenye karai.

"Na mimi nimekuwa nikiambia watu kanisani wewe ndiye ulimbeba," akasema.

"Nilimbeba."

"Najua ulimbeba," Ngendo akasema, akainuka kuchota maji. Hawakulizungumzia tena kwa wiki nyingi, na Ngendo alianza kuketi viti vya nyuma kanisani.

Kingori alikwenda pia kwenye kituo cha polisi. Ofisa aliyempokea, Samuel, kijana mpole kutoka Machakos, alimsikiliza mpaka mwisho, akaandika kwenye kitabu cha matukio. Akamwambia kwamba jambo lilitokea Turkana, faili litafuatwa huko, na kampuni yenyewe haijulikani ilipo. Akampa namba ya kumbukumbu kwenye kipande cha karatasi. Kingori alirudi mara mbili kuuliza, mara ya tatu Samuel alikuwa amehamishwa. Hakuna aliyekuja kumkamata. Alikuwa ametumaini kidogo kwamba watakuja.

Gaudencia alimaliza mwaka akimfundisha Sophie kama alivyowafundisha wengine, bila kumwonea na bila kumpendelea. Alipokutana na Kingori sokoni, alipita upande wa pili wa barabara, na Kingori alimpa nafasi ya kupita. Desemba alifunga vyombo vyake. Alikuwa ameomba uhamisho kwenda Bungoma, karibu na mama mkwe wake, na ombi likakubaliwa.

Sophie ndiye aliyeleta habari hizo nyumbani, siku ya kwanza ya muhula mpya. Alimkuta baba yake, aliyekuwa likizoni, shambani akichimba viazi.

"Mwalimu Gaudencia hayuko tena," akasema. "Watu wanasema ameenda kwao. Ati wewe unajua kwa nini."

Kingori alisimamisha jembe. Binti yake alikuwa na miaka kumi na mitatu, bado amevaa sare ya shule, amesimama akingoja. Akamwambia. Alianzia kwenye ndoo nyuma ya stoo na kijiti kilichosimama, akamweleza kwa nini mafuta yale hugandamana na jinsi yanavyopaswa kupashwa, kisha akamwambia neno alilosema na mtu aliyemwambia. Hakuacha kitu.  Sophie alipoona baba yake amemaliza, aliinama, akajaza ndoo viazi vilivyokuwa vimechimbwa, akaiinua kichwani na kutangulia nyumbani peke yake.